Mtani Wangu wa Digbeth

Acocks Green,
Birmingham.
29 Novemba 2009

Dada yangu mpenzi Zainab,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa masika uwe umekupa nafasi ya kupumua. Watoto hawajambo? Na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wa Isevya wanagonga ukuta? Mwambie namsalimu hivyo hivyo alivyo. Mimi mwili wangu u mzima, ila baridi ya huku imeshaanza kunitafuna vidole. Sala ya Iddi tumeisali juzi na nyama nikaipika, lakini nilikula peke yangu, na sababu ya kula peke yangu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kwa maswali kabla sijafika katikati, na jambo hili nikilikatisha katikati nitakuwa nimekudanganya. Tena nimechoka na maneno mafupi, kama utakavyoona. Kaa chini, weka maji ya chai, unisome mpaka mwisho ndipo unitukane.

Unajua kwamba usiku nafunga maboksi kwenye ghala. Nisilokueleza vizuri ni kazi yangu ya Jumamosi. Kuna mtaa huku unaitwa Digbeth, zamani ulikuwa wa viwanda, sasa maghala yake wameyachukua wachoraji na wapiga muziki. Katika ghala moja hukodisha meza za chakula, na mimi nina meza yangu uani: chipsi mayai na mishikaki. Wazungu mwanzoni walikuwa wananiuliza kwa huruma kama yale mayai yamemwagikia chipsi kwa bahati mbaya. Nilikuwa narudi nyumbani na nusu ya nyama, naila wiki nzima mpaka naichukia.

Ndipo akaja Maisara. Alipewa meza ya pembeni yangu, akapanga vitumbua, sambusa na mkate wa kumimina. Ni Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, sauti yake inasikika mpaka kituo cha mabasi. Aliposikia natokea Tabora hakuniuliza habari za safari wala za wazazi. Alinyoosha mkono, akachomoa mshikaki kwenye jiko langu, akautafuna palepale, halafu akawatangazia wateja kwa Kiingereza kwamba wasishangae, mimi ni mtumwa wake, babu zake walimwachia nimbebee mizigo. Mama mmoja wa Kizungu alitaka kulia. Mimi, dada, nilitaka kulia kwa furaha. Katika nchi hii ambayo mtu akikukanyaga ni samahani na ukimkanyaga ni samahani, nilikuwa nimepata mtani.

Wewe unajua maana yake. Unakumbuka msiba wa Baba, yule mzee Mzaramo wa reli alivyovaa koti la marehemu, akaingia matangani anatembea kwa kuchechemea kama Baba, akadai chai isiyo na sukari? Ulikuwa umelia siku nzima hujaweka kitu mdomoni, na ukacheka, na baada ya kucheka ukala. Nilikuwa kijana, lakini siku ile nilielewa utani ni wa kazi gani.

Maisara ndiye aliyenifungulia Twita. Ni mtandao wa kuandika maneno machache, hayazidi herufi mia na arobaini, na kila anayekufuata anayasoma palepale kwenye simu yake au kompyuta. Alifundishwa na wale wachoraji wa ghorofani, akanifundisha mimi. Picha yangu ya kuweka huko alichagua yeye: nimepuliza moshi, macho nimefumba, mashavu yamevimba. Nikaanza kuandika kama mpiga mnada aliyechoka. Mishikaki ipo, karibuni. Chipsi zipo, karibuni. Hakuja mtu.

Basi Jumamosi moja akaandika, mbele ya walimwengu wote, kwamba mishikaki ya Idd ni migumu mpaka fundi viatu ameomba apelekewe jumla. Damu ilinichemka kwa raha. Nikajibu kwamba asile mtu vitumbua vya Maisara kabla hajaandika wosia. Naye akajibu, nami nikajibu, na kufikia alasiri kulikuwa na foleni uani ambayo sijapata kuiona. Watu walitaka kuonja waamue nani mkweli. Wengine walinunua kwangu wakamwonyesha kwa kumkomoa, wengine walinunua kwake wakaja kutafuna mbele yangu. Tukauza mpaka makombo.

Miezi ile ilikuwa mitamu. Nikiamka mchana baada ya zamu ya ghala, kabla hata ya kupiga mswaki, nilikuwa natafuta tusi. Naye akiwa kwenye basi kutoka Lozells ananiandikia langu. Watu wakatuita vita vya Digbeth. Wachache waliuliza kama kweli tunachukiana, Maisara akawaambia ni utani, wakaitikia bila kuelewa. Iddi iliyopita, ile ya baada ya mfungo, alinijia nyumbani bila hodi, akabeba bakuli langu la pilau lote pamoja na sahani, akaniachia kijiko. Sahani hiyo mpaka leo sijaiona.

Sasa sikiliza yalipoharibikia. Msimamizi wa lile ghala la Digbeth anaitwa Narinder, mwanamke wa Kisingasinga aliyezaliwa hukuhuku. Baba yake alikua Nakuru, kwa hiyo Kiswahili anakisikia kidogo, cha kuagizia chai na cha kukaripia. Mwezi wa tisa alitwambia kuna jiko ndani, la kudumu, lenye gesi, bomba la kutolea moshi na dirisha la kuuzia, na atampa mmoja tu kati yetu, kwa mwaka mzima, siku zote za wiki. Akasema ataangalia watu wanasema nini juu yetu kwenye Twita, maana huko ndiko wateja wanakotoka.

Nataka uelewe jiko lile lilikuwa nini kwa kila mmoja. Kwangu lilikuwa njia ya kuachana na ghala na kulala usiku kama binadamu. Kwa Maisara lilikuwa zaidi. Yeye anapanga chumba Lozells katika nyumba ya watu wengi, na vitumbua vyake anapikia kwenye jiko la pamoja. Mwenye nyumba alikuwa ameshamwonya kwamba harufu ya mafuta imemchosha, na mwaka ukiisha hataki kuona kikaango. Asipopata jiko la Narinder, biashara yake ingekufa. Hilo aliniambia mwenyewe, na mimi nililijua vizuri kama ninavyolijua jina lako.

Tuliendelea kutaniana, lakini dada, kidole changu kilikuwa kizito sasa. Kila mtu akimsifu Maisara nilisoma mara ya pili. Kila akisifiwa mwenzangu nilitafuta wangapi wamenisifu mimi, na walikuwa wachache. Vitumbua vyake vilikuwa vinaliwa na watu wasiokula nyama, na huku wasiokula nyama ni wengi. Yeye alikuja na kucheka vilevile, anachomoa mshikaki vilevile, ananiambia mtumwa wangu, mbona leo umenuna, mizigo imekuwa mizito? Nami nacheka kwa meno.

Alhamisi moja Narinder akaandika kwamba yeyote mwenye neno juu ya wapishi wa uani alitoe, maana anakaribia kuamua. Sifa za Maisara zikamiminika. Na mimi nikaandika la mende. Niliandika kwamba jiko la Lozells linakopikwa vile vitumbua lina mende, na kwamba mimi nalijua jiko lile.

Ijumaa asubuhi watu walikuwa wamelisambaza. Mmoja aliandika kwamba kumbe ndiyo maana tumbo lilimuuma mwezi uliopita. Mwingine akasema amelala kwenye choo usiku mzima, na mimi nina hakika hajawahi hata kufika Digbeth. Jumatatu watu wa afya wa halmashauri walikuwa wamegonga mlango Lozells, wakapekua makabati, wakamulika tochi nyuma ya friji. Hawakuona mende hata mmoja. Lakini walisema watatuma majibu kwa maandishi, na mpaka majibu yaje asiuze. Mwenye nyumba aliposikia maafisa wameingia nyumbani kwake hakungoja mwisho wa mwaka. Siku ileile alimwambia asiwashe tena jiko kwa ajili ya kuuza.

Narinder akatuita ofisini kwake juu. Sijawahi kupanda ngazi ndefu kama zile. Nilikuwa nimejiandaa Maisara anirukie kifuani. Alikuwa ameketi, mkoba mapajani, macho yamemvimba, na aliponiona akasogeza kiti chake ili nikae. Narinder akafungua kompyuta, akalisoma lile neno kwa sauti, akamuuliza Maisara kama anataka kunilalamikia rasmi.

Maisara akacheka. Sauti ilikuwa imekauka lakini alicheka. Akasema, “Huyu ni mtani wangu, Narinder. Yeye hawezi kuni-offend. Muulize dad wako.” Halafu akamweleza taratibu, kwa Kiingereza na Kiswahili vikipishana, kwamba watu wa kwao na watu wa kwetu wametaniana tangu enzi za misafara, kwamba siku akifiwa mimi nina haki ya kulala ndani ya kaburi nikagoma kutoka mpaka nilipwe, na hakuna atakayenigusa. Akasema yeye akinikasirikia, yeye ndiye atakayetozwa faini, si mimi. Akasema neno la mtani halihesabiki kuwa kosa, hata likiuma, na kwamba waliokosea ni wale wasomaji wasiojua. Narinder alikuwa anamtazama kama mtu anayetaka kuamini.

Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza kama ni kweli, kama ulikuwa utani tu. Maisara naye akanigeukia, anatabasamu, ananisubiri. Nikasema ndiyo, ulikuwa utani. Nikacheka na mimi.

Narinder alisema anatuelewa, lakini hawezi kulifunga jiko likisubiri karatasi za halmashauri. Akanipa mimi funguo. Tulipokuwa tunashuka ngazi Maisara alinipiga kofi la mgongo, akaniambia nisitembee kinyonge, jiko la mtumwa wake ni jiko lake. Nilisema nina haraka nawahi basi. Basi lenyewe niliwahi, nikakaa juu kabisa, nikapitiliza kituo changu.

Siku ya kufungua jiko alikuja mapema kuliko mimi, nikamkuta ananingoja mlangoni. Alikuwa amebeba kile kikaango chake cha vitumbua, cha chuma, cheusi, alichotoka nacho kwao Kisarawe, na utani ulikuwa ulimini mwake uleule. Aliingia bila hodi, akanivua aproni yangu akavaa yeye, akanipangia vyungu upya, akapigilia msumari ukutani na kutundika kikaango. Akaniambia majibu ya halmashauri yakitoka atakuja kupika asubuhi kabla sijaamka, na nisithubutu kumdai chochote, mtumwa hamdai bwana wake. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, kwamba wiki ile yote alikuwa na hofu, na kitu pekee kilichomfanya asikate tiketi ya kurudi nyumbani ni kujua kwamba aliyesema lile neno ni mimi, kwa sababu lingekuwa limetoka kwa mtu mwingine lingekuwa chuki.

Dada, hapa ndipo ninapotaka usiweke karatasi chini.

Lile la mende halikuwa utani.

Mende walikuwepo zamani, siku alipohamia. Aliniambia mwenyewe tukicheka, alivyowakuta, alivyosugua kabati moja moja mpaka kucha zikamtoka, alivyoishinda nyumba ile. Aliniambia kwa sababu alinihesabu kuwa wake. Na mimi usiku ule wa Alhamisi nilikaa kitandani, nikachagua maneno. Matusi yetu yote tuliandikiana mmoja kwa mwenzake, watu wakisikiliza. Hili sikumwandikia Maisara. Nilimwandikia Narinder moja kwa moja, mbele ya wasomaji wote. Niliondoa kila neno la kuchekesha. Niliandika kama mtu mwenye huzuni anayetimiza wajibu. Nilifuta na kuandika tena mpaka likaenea kwenye zile herufi mia na arobaini, na nilipolituma moyo ulinidunda jinsi ambavyo haukuwahi kudunda kwa utani. Nilijua anachopoteza. Nilijua pia kwamba likigunduliwa nitasema natania, na yeye mwenyewe atakuwa shahidi wangu. Utani nilioupenda tangu msiba wa Baba niliufanya kuwa pazia la kujifichia.

Nilimwambia yote, palepale jikoni, nimesimama bila aproni. Sikupamba. Nilingoja anitukane, na Wallahi nilikuwa na njaa ya tusi lake. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Akatungua kikaango chake, akakifunga kwenye kanga. Akafika mlangoni, akageuka, akasema, “Nashukuru kwa kunieleza, Bwana Idd.”

Bwana Idd! Mimi, mbeba mizigo wake, mtumwa aliyemrithi kwa babu zake. Tangu siku ya kwanza hajawahi kuniita kwa heshima.

Nilipanda tena zile ngazi, nikamwambia Narinder nilimdanganya. Nikamrudishia funguo, nikamsihi ampe mwenyewe. Akasema kwa Kiswahili cha baba yake kwamba mimi ni mtu mbaya. Sikubisha. Karatasi za halmashauri zilipotoka safi, Maisara alipewa jiko, na alilichukua. Mungu atukuzwe kwa hilo. Foleni yake inapita dirishani mpaka barabarani, na mimi Narinder ameniacha uani na moshi wangu na mvua, kwa sababu Maisara, nasikia, alipoulizwa kama nifukuzwe, alisema hana neno na mimi. Ghala bado nalifanyia kazi usiku.

Ananisalimia kila Jumamosi. Ananiuliza hali. Akitaka mshikaki anasimama kwenye foleni nyuma ya watu, anangoja zamu yake, anasema tafadhali. Iddi hii ya juzi nilipika pilau nyingi kuliko uwezo wa sufuria, nikaacha mlango bila kufunga komeo, nikakaa nauangalia. Hakuja mtu. Ndivyo nilivyokula peke yangu.

Watu wa Twita wanauliza vita vimeishia wapi. Jana nilishindwa kuvumilia, nikamwandikia. Niliandika kwamba vitumbua vya dirisha jipya vimekuwa vizito kiasi kwamba Digbeth imeanza kudidimia. Nilikaa na simu mkononi nikiomba anichane, anivue nguo, anitaje mimi na ukoo wetu wote hadi Tabora nzima isikie. Jibu lilikuja upesi. Aliandika: “Asante kwa maoni yako, Bwana Idd. Karibu tena.”

Dada, waulize wakubwa huko. Aliyekasirika kwenye utani faini yake tunaijua, kuku au mbuzi, mambo yakaisha. Lakini aliyesema kweli akajifanya anatania, yeye analipa nini, na analipa wapi? Kama ni kwenda Kisarawe kwa miguu nimebeba mzigo kichwani, niambie, nitaomba likizo.

Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie mdogo wetu wa Urambo nimepata salamu zake. Ukienda kumzuru Baba, niombee pale kaburini, lakini usimsimulie haya. Na ukijibu barua hii, nakuomba kwa jina la mama yetu, andika tusi lolote utakalo, ila juu ya bahasha usiniandikie Bwana. Andika Idd tu, postamani atanipata.

Ni mimi mdogo wako,
Idd